Nyuzi Nne Asubuhi, Nyuzi Tano Jioni

Maryamu mke wa Sufiani alikata roho ndani ya gari la wagonjwa kabla hawajaifikia Korogwe, kichwa chake kikiwa kimelala kwenye paja la nesi Mwaija. Ilikuwa Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana. Mwaija aliitazama saa kwa sababu miaka thelathini na nne ya kazi ilimzoesha hivyo: mtu akifa unaandika saa kwanza, kulia utalia ukifika kwako. Mkono wake wa kulia bado ulikuwa umelikandamiza tumbo la marehemu, na vidole vilikataa kuachia.

"Mama, muache," dereva alisema bila kugeuka. "Muache sasa. Ameshakwenda."

Asubuhi ile ilikuwa imeanza kwa kicheko. Kwenye kituo cha afya cha Kwemanolo, upande wa Handeni, Maryamu alijifungua mtoto wa kike wa kilo tatu na robo, aliyelia kwa nguvu mpaka wanawake waliokuwa wakisubiri nje wakasema huyo atakuwa mwenyekiti wa kijiji. Halafu damu ikaanza. Shamsia, nesi mgeni mwenye miezi saba kazini, alimchoma ile sindano ya kuzuia damu inayotunzwa kwenye friji, tena ndani ya dakika moja, kama alivyofundishwa chuoni. Damu haikukata. Akachoma ya pili. Mwaija akaingia mbio, kiatu kimoja mguuni, akatundika dripu iliyotiwa dawa ileile. Wapi! Mfuko wa uzazi, ambao dawa ikiingia hukaza ukawa mgumu kama chungwa bichi, ulibaki laini kama uji. Vidonge vinavyofanya kazi hiyo bila kuhitaji baridi viliisha kituoni tangu mwezi wa pili. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kutafuta mafuta, likarudi saa sita. Kuanzia saa nne mpaka saa sita wanawake wawili walipokezana kumkandamiza mwenzao tumbo, huku yeye akiuliza kwa sauti inayopungua kama mtoto ameshanyonya.

Kule Korogwe walimpokea marehemu kwa heshima, wakaandika walichoandika, wakampa Mwaija maji ya kunawa. Hakunawa. Alitoka getini na gauni lake jeupe lenye damu mpaka magotini, akavuka barabara, akaenda moja kwa moja dukani kwa Dhirajlal, duka linalouza kila kitu kuanzia misumari mpaka mabirika. Mkewe Dhirajlal, Bhanumati, mama aliyempita Mwaija kwa umri, alikuwa peke yake kaunta.

"Shikamoo, mama," Mwaija alisema.

"Marahaba, nesi. We! Umepata ajali?"

"Si damu yangu. Mna kipimajoto cha friji?"

"Kaa kwanza unywe maji."

"Sikai, mama. Nikikaa sitainuka. Kipimajoto mnacho, hamna?"

Bhanumati alipanda kiti, akashusha boksi lenye vumbi, akatoa kitu kidogo chenye sura ya saa ya mezani. "Hiki wananunua wauza aiskrimu. Ukiweka ndani ya friji kinakwambia baridi kiasi gani. Kizuri, hakiharibiki."

Mwaija aliuliza bei. Alipotajiwa, alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyebanwa mbavu, na Bhanumati alirudi nyuma hatua moja. Bei yenyewe haikufika ya kuku wa kienyeji.

Nani asingecheka?

Maana Kwemanolo kilikuwepo kipimajoto. Miaka sita iliyopita walikuja wakaguzi wanne na magari mawili, wakavua viatu mlangoni kama wanaingia msikitini, na mmoja wao akakitoa kipimajoto kwenye friji akisome, kikamponyoka kikavunjika sakafuni. Alicheka. "Pole, mama," alisema, "mtaletewa kingine." Mwaija ndiye aliyefagia vile vigae. Akaandika barua. Mwezi ukapita, akaandika nyingine. Kwenye ile chati inayobandikwa mlangoni mwa friji, ambayo kila asubuhi na kila jioni nesi anatakiwa kuandika nyuzi alizosoma, yeye aliacha visanduku vitupu, kwa kuwa hakuwa na cha kusoma. Miezi mitatu vitupu. Wakaja wakaguzi wengine. Hawakuuliza kipimajoto kiko wapi. Waliona visanduku vitupu, wakampa barua ya onyo: uzembe wa kutojaza chati. Barua ina muhuri, anayo mpaka leo.

Kesho yake asubuhi Mwaija aliandika nne. Jioni akaandika tano. Nyuzi nne asubuhi, nyuzi tano jioni, kwa sababu ndizo zinazopendeza macho ya wakubwa, dawa inatakiwa ikae kati ya mbili na nane. Ukaguzi uliofuata walimsifu mbele ya wenzake, wakampigia makofi. Hivyo ndivyo mwongo anavyotengenezwa: unamwadhibu akisema kweli, unampongeza akidanganya, halafu siku maiti ikipatikana unamuuliza kwa nini alidanganya.

Alipoletwa Grasiana, Mwaija alimwonyesha. Alipoletwa Shamsia, alimwonyesha. Chati ya friji ni kazi ya mdogo kazini, imekuwa hivyo siku zote. Siku yake ya kwanza Shamsia alishika kalamu akauliza, "Sasa mama, kipimajoto chenyewe kiko wapi?"

"Kiko kwenye barua," Mwaija alimjibu, na wote wakacheka.

Siku ile ya kifo Mwaija alirudi Kwemanolo jua likiwa linazama. Hakuongea na mtu. Alifungua friji. Taa yake iliwaka, mota ilikuwa inanguruma kama kawaida, chupa zimepangwa vizuri, ila raba ya mlango ilikuwa imechanika kwa chini na nani angejua tangu lini. Sehemu yenye joto la Handeni, mkono wa mtu anayetoka juani huona kila kitu ni baridi. Aliweka kipimajoto cha wauza aiskrimu katikati ya maboksi, akafunga mlango, akabadili gauni, akatawadha, akaswali magharibi palepale sakafuni. Alipofungua, mshale ulikuwa kwenye ishirini na mbili.

Kwenye mlango, chini ya tarehe ya jana, palikuwa pameandikwa nne, tano. Pembeni yake saini ndogo nzuri ya Shamsia, mtoto aliyetoka shule majuzi.

*

Wanawake watatu walikuwa wanabeba kituo kile. Karatasi za wilayani zilisema wawe kumi na wawili. Mwaija alibakiza miezi minne astaafu. Grasiana alikuwa katikati, miaka kumi na moja kazini, mume na watoto wawili wako Korogwe, barua yake ya kuomba uhamisho inazeeka kuliko watoto. Shamsia alitoka Mkumbara, kule barabara ya Moshi, ambako mama yake huuza nyanya pembeni ya lami na kumwambia kila anayesimamisha gari kwamba binti yake ni nesi wa serikali.

Wote watatu walikuwa na ugonjwa mmoja na waliuita jina lao wenyewe: tumbo la zamu. Saa moja kabla ya kuingia kazini tumbo linakatika. Mwaija likimpata alikuwa anakwenda chooni mara tatu, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tisa, akisikia pikipiki inakata kona kuja kituoni anashika ukuta. Grasiana lilikuwa limepanda kichwani. Alimeza vidonge vya presha alivyovificha kwenye kopo la maziwa ya unga ili mume asione, na mara nyingine katikati ya kazi alijifungia stoo, akahesabu moja mpaka mia, akatoka akisema, "Haya, nani anafuata?" Shamsia alikuja bila huo ugonjwa. Aliupata mwezi wa tatu. Walimtania siku alipotapika kwenye ndoo kabla ya zamu: "Karibu kazini, sasa umeajiriwa."

Hakuna aliyewahi kuja kulikagua tumbo la zamu. Halina chati.

Daktari Eliasi, mganga mfawidhi wa kituo, alirudi kesho yake kutoka semina. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa, na kazini mtu anayeogopa anaweza kufanya mambo yaleyale anayofanya mtu mbaya. Alimwita Mwaija ofisini, akafunga mlango.

"Mama, shikamoo. Pole kwa yaliyotokea. Jumatatu Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya anakuja, kuna mkutano wa hadhara uwanjani. Kifo hiki kimeshamfikia. Nimetakiwa nipeleke maelezo."

"Marahaba. Umeandika nini, mwanangu?"

"Nimeandika kilichopo. Chati inaonyesha friji ilikuwa sawa. Kwa hiyo dawa ilikuwa sawa. Kwa hiyo tatizo liko kwa aliyechoma."

Mwaija alikitoa kipimajoto kwenye mkoba, akakiweka mezani. "Ishirini na mbili," alisema. "Nimeweka jana, nimeweka leo. Ishirini na mbili, ishirini na tatu. Shamsia alichoma kama maji ya chumvi tu, Eliasi. Ile dawa ilikufa siku nyingi."

Eliasi alikitazama kile kitu kama mtu aliyewekewa nyoka. Aliposema, aliongea polepole. "Basi ni mbaya zaidi. Chati ikiwa ya kweli, Shamsia alichoma vibaya. Chati ikiwa ya uongo, saini ni za nani? Za Shamsia. Miezi saba."

"Na kabla ya miezi saba?"

"Chati za zamani zilishachukuliwa. Hazipo hapa." Akasogeza kiti. "Mama. Umebakiza miezi minne. Minne tu. Nakuomba kama mama yangu, kaa kimya. Mimi siwezi kumwokoa yule binti, na wewe huwezi."

Alikichukua kipimajoto chake, akatoka. Alimkumbuka Rosina, nesi mwenzake wa zamani. Miaka tisa imepita, kituo kingine, mkutano kama huo huo, kiongozi mwingine mwenye sauti kama hiyo hiyo. "Nesi asimame tumwone!" Rosina akasimama, mama wa watoto wanne, na kosa lake lilikuwa kwamba glovu ziliisha akawaambia wagonjwa wanunue. Watu elfu moja wakazomea. Mwaija alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwake. Alijua glovu ziliisha, alijua nani aliandikiwa barua na hakujibu. Aliangalia chini, kwenye kucha zake. Rosina hakurudi kazini tena. Watu wamesahau, kiongozi mwenyewe amesahau, lakini Mwaija anaikumbuka rangi ya kitenge alichovaa Rosina siku ile.

*

Jumamosi Shamsia hakuonekana. Simu iliita bila kupokelewa. Mwaija alimtafuta chumbani kwake, akamtafuta kisimani, mwisho akamkuta stoo ya wodi ya wazazi, amekaa sakafuni nyuma ya maboksi ya pamba, magoti kifuani. Hakuwa amekula tangu Alhamisi. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Unafanya nini humu, mwanangu?"

"Nahesabu sekunde. Mama, mi nilichoma ndani ya dakika moja. Nilichoma, si ndiyo? We uliniona?"

"Nilikuona ukichoma ya pili, sawasawa."

"Kwenye paja. Nilivuta dawa yote. Labda sikuvuta yote. Nikifumba macho naona nimevuta nusu." Akakilaza kichwa magotini. "Wanasema natupwa ndani. Ni kweli? Mama yangu atafia pale pale barabarani, haki ya Mungu. Bora mi ndo ningekufa. Bora hata sasa hivi."

Mwaija alishuka sakafuni, magoti yakilia, akamkumbatia. Mtoto alikuwa mwepesi kama kuku mgonjwa. Maneno yale aliwahi kuyasikia kwa wazazi waliofiwa na watoto wachanga, na alijua hayaachwi peke yake chumbani. "Leo unalala kwangu," alisema. "Kesho pia. Chooni nakusindikiza. Sikiliza: hukukosea. Dawa ilikuwa imekufa kabla hujaigusa."

Shamsia aliinua uso. "Unajuaje?"

Mwaija akamweleza yote: mkaguzi, vigae, barua ya onyo, ishirini na mbili. Alitegemea binti alie. Binti hakulia. Alijitoa mikononi mwake taratibu, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ndo maana ulicheka," alisema. "Siku ile nilipokuuliza kiko wapi. Mama, ulinifundisha kumuua mtu, halafu ukacheka."

Mwaija aliinuka. Alimshika mkono, akampeleka kwake, akampikia uji, akakaa mlangoni mpaka alipoumaliza.

Jioni hiyo Grasiana alimkuta nje ya nyumba. Alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo, macho mekundu, kofia ya unesi mfukoni.

"Nasikia unataka kusema Jumatatu."

"Nitasema."

"Hutasema." Grasiana aliongea kwa sauti ya chini ili Shamsia asisikie ndani. "Ukisema chati ni ya uongo, wataniuliza na mimi. Na mimi nilijaza miaka mitano. Tunaondoka wote watatu. Nani anabaki na wale wanawake? Eliasi? Eliasi akiona damu anatafuta kiti!"

"Na nikinyamaza?"

"Anaondoka mmoja." Aliposema hivyo mdomo ulimcheza, akaukamata kwa mkono. "Usinitazame hivyo, mama. Nina watoto wanaonijua kwa simu. Nameza vidonge vitatu kwa siku badala ya kimoja. Wewe ukiondoka una shamba lako Kang'ata, utalima muhogo, utazeeka. Mimi nina miaka ishirini mbele yangu humu ndani. Ishirini! Unajua nikiihesabu najisikiaje?"

"Najua. Niliihesabu mimi kabla yako."

"Basi nihurumie."

Walikaa bega kwa bega, kama walivyokaa mara elfu wakisubiri uchungu wa mtu ukomae. Mwishowe Mwaija alisema, "Jina lako sitalitaja. Nitasema ni mimi." Grasiana hakumshukuru. Aliinuka, akapangusa gauni, akarudi wodini.

*

Jumatatu uwanja ulijaa. Spika zilipiga muziki tangu saa mbili asubuhi, hema likasimamishwa kwa ajili ya wakubwa, wananchi wakakaa juani. Wauguzi watatu walipangiwa benchi la mbele, ila Grasiana aliitwa mapema arudi kituoni, kuna mwanamke wa Kwaluguru ameletwa na bodaboda, chupa ya uzazi imeshapasuka.

Mheshimiwa alisikiliza kero ya maji, akasikiliza ya ng'ombe kuingia mashambani. Halafu akainuka Sufiani. Alikuwa amevaa kanzu ileile aliyozikia. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema mke wake aliingia kituoni akitembea kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Alisema mtoto yuko kwa bibi yake, ananyweshwa maziwa ya mbuzi. Alisema, "Naomba kuambiwa tu. Sina kingine."

Mheshimiwa alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nesi aliyemhudumia mama huyu yuko wapi? Asimame tumwone!"

Shamsia alisimama. Alikuwa mfupi, walio nyuma wakapaza sauti hawamwoni, mtu akaagiza apandishwe kwenye kiti. Wakampandisha kwenye kiti cha plastiki, miguu ikimtetemeka, kiti kikatetemeka naye.

"Binti, una miaka mingapi? Ishirini na tatu? Wananchi, mnamwona? Huyu ndiye mnamkabidhi wake zenu! Maelezo ninayo hapa. Dawa ilikuwepo. Friji ilikuwa nzima. Chati nzima. Kilichokosekana ni moyo! Tumuache au tumuondoe?"

"Aondokeee!"

Mwaija alikuwa ameshasimama. Hakukumbuka kuinuka. Tumbo la zamu lilikuwa limemshika vibaya, jasho linamtiririka mgongoni, na mkononi alikuwa na bahasha ya khaki yenye nakala za barua saba.

"Mheshimiwa, friji ilikuwa mbovu," alisema. Sauti haikufika. Akasogea mbele, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, jambo ambalo hakuna aliyetegemea kwa bibi mwenye ushungi mweupe. "Friji ilikuwa mbovu na chati ni ya uongo. Si uongo wake. Ni wangu. Mimi nimeanza kuuandika miaka sita iliyopita, na nimemfundisha yeye. Kipimajoto kilivunjwa na mkaguzi, nikaomba kingine, barua hizi hapa, saba, zina mihuri ya kupokelewa. Nilipoacha wazi nilipewa onyo. Nilipodanganya nilipigiwa makofi. Mtoto huyu alichoma dawa kwa wakati. Dawa ilikuwa imekufa. Mshusheni kwenye hicho kiti, ataanguka."

Minong'ono ilipita uwanjani kama upepo kwenye mahindi. Mheshimiwa aligeuka kuwatazama wa wilayani waliokaa nyuma yake. Mmoja wao, mwenye miwani, alishuka kwa tabasamu, akaipokea ile bahasha kwa mikono miwili kwa adabu zote, akarudi nayo kwenye kiti chake, akaikalia.

Sufiani ndiye aliyeongea. Alikuwa amesogea karibu, hakuhitaji kipaza sauti.

"Mama Mwaija. Kwa hiyo dawa aliyochomwa mke wangu ilikuwa imekufa?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulijua?"

Alikuwa amejiandaa kwa Mheshimiwa. Hakuwa amejiandaa kwa huyu. Mtu huyu mwenyewe alizaliwa mikononi mwake, miaka thelathini iliyopita, kwenye zahanati ya Kang'ata.

"Sikujua," alisema. "Sikutaka kujua. Friji ilikuwa inanguruma, nikaona basi. Kipimajoto kinauzwa Korogwe. Ningeweza kwenda siku yoyote."

Sufiani alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu gizani akakigusa, akagundua ndicho alichokuwa hataki kukipata. Akageuka, akapenya katikati ya watu, akaenda zake.

Mheshimiwa alikuwa amepata pumzi. "Mmesikia, wananchi? Huku ndiko kulindana! Mmoja anaua, mwenzake anamfundisha! Tena anakiri mwenyewe, hadharani!" Aliinua mkono. "Kuanzia sasa hivi hawa wote wawili nimewasimamisha kazi. Wasiguse mgonjwa. Polisi, huyu binti mchukueni akaandike maelezo. Huyu bibi tutamfuata kwa taratibu. Makofi!"

Wakapiga. Mwaija aliwatazama walivyopiga. Waliokuwa mstari wa mbele karibu nusu aliwakata kitovu yeye. Hakuwachukia. Walikuwa wamechoka kuzika, na kwa mara ya kwanza walikuwa wameonyeshwa mtu wa kumshika.

Shamsia alishushwa kwenye kiti. Alipopita mbele yake alisimama, askari naye akasimama kwa aibu kidogo. "Mama," Shamsia alisema, "mwambie mama yangu wewe mwenyewe. Asisikie kwa watu." Basi. Wakampakia nyuma ya gari, lango likafungwa, muziki ukawashwa tena kwa sababu ratiba ilikuwa imebakiza ngoma.

*

Kituoni, mlinzi Awadhi alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi ya wazazi, uso chini. Habari zilikuwa zimemtangulia Mwaija kwa simu.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa usipite. Nisamehe."

"Marahaba. Niitie Grasiana tu."

Grasiana alitoka amevaa aproni ya plastiki, glovu mikononi, mikono ameiinua juu asiguse kitu.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Wamempeleka Shamsia Handeni. Nakwenda Mkumbara kesho alfajiri, kwa mama yake."

"Nakuuliza umefurahi? Niko peke yangu. Huyu ni uzazi wa sita, tumbo limevutika, damu yake haitoshi hata kabla hajaanza. Gari limekwenda na msafara wa Mheshimiwa. Na zamu ya kesho ni yangu, ya keshokutwa ni yangu." Hakuwa anapiga kelele. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe na hakuwa na mkono wa kuyafutia. "Niambie sasa, mwalimu wangu. Akitoka damu nimchome nini?"

"Usitumie ya kwenye friji."

"Nitumie nini?"

Mwaija alitazama barabara ya Korogwe. Alisema, "Nimepiga simu Korogwe, kuna mtu ninayemfahamu. Anatafuta boksi moja la dawa nzima, atampa mwenye bodaboda, itakuja kwenye chupa ya chai yenye barafu."

"Itafika saa ngapi?"

"Sijui."

Ndani mwanamke alipiga ukelele mrefu. Grasiana alifumba macho. Midomo yake ilichezacheza, moja, mbili, tatu, nne, haikufika mbali. Akageuka akaingia. "Nakuja, mama, nakuja, usisukume kwanza!"

Mlango ukafungwa.

Nje palikuwa na lile benchi la saruji la ndugu wa wagonjwa. Katika miaka yote hiyo Mwaija hakuwahi kulikalia, alipita mbele yake tu, haraka, watu wakimshika gauni kumwuliza habari. Mama mkwe wa yule mwanamke alikuwepo na mabinti wawili, beseni na kanga mpya mapajani. Walisogea kumpisha.

"Mbona umekaa huku, nesi?" mama mkwe aliuliza.

"Leo nasubiri," Mwaija alisema, "kama nyie."

Walisubiri. Jua lilihama kutoka miguuni mwao mpaka ukutani. Barabara ya Korogwe ilikuwa nyeupe na tupu, na kila mlio wa pikipiki ulioibuka ulipita ukaenda zake. Halafu mtoto akalia, sauti nene ya mtoto mzima, na mama mkwe akaruka, mabinti wakapiga vigelegele mpaka Awadhi akacheka. "Dume hilo!" mmoja alisema. "Sikia linavyolia!" Walimkumbatia Mwaija, wakamtikisa, wakamwambia apige kigelegele na yeye, mbona amekauka?

Aliwaomba wanyamaze. Hakuwaeleza kwamba kwa Maryamu pia damu ilianza baada ya kicheko. Alikuwa ameinama mbele, viganja vimekaza ukingo wa benchi, akiisikiliza sauti ya Grasiana kule ndani, ambayo ilikuwa imesema hongera mama, kisha ikanyamaza.